Ulikuwa wapi usiku wa Spice Islander? Wana Tanga tuandike hapa kabla hatujachanganya

Bint wa Barabara ya Kumi

Assalaam aleikum, habari zenu wana Tanga na wengine wote.

Jana nilikuwa napanga vitu vya marehemu mama yangu. Chini kabisa ya kabati, ndani ya mfuko wa rambo, nikakuta daftari langu la madeni la mwaka 2011. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha vocha hapa Ngamiani, barabara ya kumi, nikiuza na pipi, sabuni za kipande na mafuta ya taa ya kupima. Nikalifungua tu. Nikafika kwenye ukurasa ulioandikwa juu "Jmosi 10/9", chini yake jina la jirani yetu, na mbele ya jina "vocha 500 x 6". Deni halijakatwa mstari.

Nikakaa pale pale sakafuni.

Siku ile ndiyo tuliyopata habari ya kuzama kwa meli ya MV Spice Islander. Na kilichonishtua zaidi ni tarehe. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia watu kwamba habari ile niliisikia Ijumaa, watu wakitoka msikitini, na mvua ikinyesha. Nimesimulia hivyo harusini, matangani, kwenye daladala. Mwandiko wangu mwenyewe unaniambia ilikuwa Jumamosi. Na nikifikiri vizuri haikuweza kuwa Ijumaa, maana meli yenyewe iling'oa nanga Unguja Ijumaa usiku, tarehe 9, kwenda Pemba, ikazama usiku wa manane kuamkia Jumamosi kwenye mkondo wa Nungwi. Ile saa ya Ijumaa niliyokuwa nikiisimulia, watu wale wote walikuwa hai. Wengine walikuwa hawajakata tiketi.

Ndiyo maana nimeona nianzishe uzi huu. Kila mtu aandike alikuwa wapi, siku ya Spice Islander au siku ya msiba mwingine wowote wa taifa uliomkaa moyoni. Na aliye na kitu cha kuthibitisha, daftari, barua, tiketi, akiangalie kwanza.

Naanza mimi, safari hii nikiwa na daftari mkononi.

Nilifungua kibanda saa moja asubuhi. Jirani yetu ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Kwao ni Wete, ameolewa na Mpemba mwenzake, walihamia Tanga zamani, mume akichuuza nguo na vyombo vya ndani. Wiki ile mume alikuwa Dar kununua bidhaa, akaona apite Unguja avuke mpaka Pemba akamwone mama yake, ndipo arudi Tanga. Idi ilikuwa imepita siku kumi tu nyuma na watu bado walikuwa wanarudi makwao. Dada alinunua vocha ya elfu moja, akaikwangua pale pale kwa sarafu ya hamsini, akapiga, akasikiliza, akashusha simu. Hakuniambia kitu. Baada ya robo saa akarudi kununua nyingine. Mimi nikadhani ni mambo ya biashara zao, nikafurahia mauzo ya asubuhi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Mara ya tatu alikuja kanga imemkaa upande kichwani. Akasema, "Mdogo wangu nikopeshe, pesa nimeiacha ndani." Hakuwa ameiacha ndani. Ilikuwa imekwisha.

Simu ya mumewe ilikuwa haipatikani. Vocha zote alikuwa akiwapigia watu wa Unguja, wa Wete, wa Chake, wa Dar, na kila aliyempata naye alikuwa na mtu wake anayemtafuta, kwa hiyo waliulizana haraka wakakatiana. Zile za mkopo nilizikwangua mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa haitulii na moja alishaichuna mpaka namba hazisomeki. Ule unga wa kijivu wa vocha ulijaa kwenye kanga yake, mapajani. Anaupangusa, unabaki. Anaupangusa tena. Mtu akinitajia Spice Islander, kitu cha kwanza kunijia ni huo unga.

Kijana wa cherehani upande wa pili wa barabara akafungulia redio ya Zanzibar kwa sauti. Mtaa ukanyamaza. Wapita baiskeli walikuwa wanashuka, wanasimama na baiskeli zao mkononi. Nilimkalisha dada juu ya kreti ya soda ndani ya kibanda. Mchana mtu mmoja akaleta habari kwamba waliookoka wengi walishikilia magodoro, maana meli ilikuwa imebeba magodoro ya biashara na yalikuwa yanaelea. Dada akasimama ghafla, akanishika bega, akasema, "Yeye ana magodoro mawili! Kamnunulia mama yake, kaniambia juzi, magodoro mawili!" Uso wake ulivyong'aa pale sijui niuelezeje. Akawa anamwambia kila anayepita: ana magodoro mawili.

Nitarudi kuendelea. Kwa leo siwezi.

Mvuvi wa Sahare

Pole sana dada. Umenirudisha mbali.

Mimi nilikuwa Deep Sea, pale wavuvi wa Tanga tunaposhushia samaki. Tuliingia na ngalawa alfajiri, samaki hawakuwa wengi, ilikuwa mwishomwisho wa kusi. Tunashusha, mchuuzi mmoja akaja na simu sikioni anasema meli imezama Nungwi. Hakuna aliyeuliza meli gani. Swali lilikuwa moja, "Imetoka wapi inakwenda wapi?" Aliposema Unguja kwenda Pemba, wazee watatu waliokuwa wanatengeneza nyavu waliacha sindano zikining'inia. Pale Deep Sea huwezi kurusha jiwe lisimpate mtu mwenye ndugu Pemba.

Vijana walitaka tutie mafuta twende. Nahodha wetu, mtu mzima, akatukataza. Akasema tangu Tanga mpaka mkondo ule kwa mashine yetu tutafika jua linazama, na tutakachokuta hakitahitaji tena mvuvi. Nilimchukia siku ile. Baadaye tulisikia kwamba wavuvi wa Nungwi wenyewe ndio waliowahi, kwa vyombo vyao vidogo, na watu wa kupiga mbizi wa mahoteli ya kule. Wale ndio walioopoa watu. Nataka hilo liandikwe hapa, kwa sababu huwa linasahaulika.

Na jambo la pili naomba liandikwe. Kila ukianza habari hii kuna mtu atasema bahari ilichafuka. Mkondo wa Nungwi ni mkali, kila baharia anaujua, lakini manahodha waliuvuka kabla yake na wameuvuka baada yake. Chombo kile kiliruhusiwa kubeba watu mia sita na kitu. Walipanda zaidi ya mara tatu ya hapo, na mizigo juu. Maiti zilizopatikana ni 203. Tume iliyoundwa kuchunguza ikaja kutaja waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Kama wewe ni baharia unajua hesabu hiyo haikuletwa na upepo.

Mpita Njia

Samahani mleta uzi, sina nia mbaya. Ila mimi huwa sielewi faida ya haya. Mtu ambaye hakupoteza mtu anasimama anasema "mimi nilikuwa nakunywa chai niliposikia". Kwa hiyo? Wenyewe waliofiwa wanajisikiaje wakisoma chai zetu? Waacheni marehemu wapumzike.

Mwalimu wa Zamani

Mpita Njia, swali lako ni zuri na nitakujibu kwa kisa, kwa sababu nimewahi kusimama pande zote mbili.

Mimi ni mtu wa Kagera. Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha sekondari hapa Tanga, mwaka wangu wa pili. Tarehe 21 Mei ilikuwa Jumanne. Nilikuwa darasani naandika ubaoni, kidato cha pili, mwalimu mwenzangu akanigongea mlango na kunivuta nje. Akasema MV Bukoba imepinduka karibu na Mwanza. Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa nimeipanda meli ile zaidi ya mara kumi, nikienda shule, nikirudi likizo. Sisi watu wa Bukoba meli ile ilikuwa barabara yetu. Unapanda Bukoba jioni, inapita bandari ya Kemondo inapakia watu na ndizi, asubuhi unaamka unaona majabali ya Mwanza. Wale waliamka wakaona majabali ya Mwanza. Walikuwa wamefika, ndugu zangu. Hicho ndicho kisichonitoka, kwamba walikuwa wameshafika.

Mdogo wangu aliniandikia kwamba angesafiri wiki ile kwenda Mwanza. Siku hakuitaja. Simu za mkononi hazikuwapo kwa watu kama sisi, kwa hiyo nikaondoka shuleni na chaki mkononi, mbio mpaka Posta. Na pale nikakuta kitu ambacho sijawahi kukisimulia. Foleni. Watu kama thelathini hivi, na wote wanaongea Kihaya. Nilikuwa nimeishi Tanga karibu miaka miwili nikijiona Mhaya peke yangu mjini, kumbe tuko wengi hivyo, mafundi, manesi, mama mmoja wa duka la dawa, mzee mlinzi wa bandarini. Msiba ndio uliotukusanya. Tulikaa pale siku ile, kesho yake na kesho kutwa. Laini ya Bukoba ilikuwa haishikiki. Magazeti yalikuja na basi la Dar mchana, tukawa tunasoma nakala moja watu sita. Waliokuwa na orodha ni abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mdogo wangu angesafiri daraja lipi? La tatu. Wote tuliosimama pale, watu wetu ni wa daraja la tatu.

Siku ya nne nikapata telegramu. Mdogo wangu yuko nyumbani, hakusafiri, malaria ilimshika. Mpita Njia, nilisoma karatasi ile nikiwa katikati ya foleni, na mbele yangu alikuwa yule mama wa duka la dawa aliyekuwa anatafuta watoto wawili. Niliikunja ikawa ndogo kama sarafu, nikaitia mfukoni, nikatoka kwa mlango wa pembeni bila kumuaga mtu yeyote. Nilitembea mpaka Raskazone ndipo nikalia. Sikurudi tena kwenye foleni ile kuwaangalia wenzangu. Watoto wa yule mama hawakupatikana, nilisikia baadaye.

Unaniuliza faida. Mimi nimezunguka na mlango ule wa pembeni tangu 1996. Leo nimeuandika.

Mpita Njia

Mwalimu shikamoo. Nimekusikia. Nisamehe.

Mtoto wa Mkonge

Mimi naingia na wa zamani zaidi, nikiwa mkubwa humu. Tarehe 12 Aprili 1984, siku aliyofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari Morogoro, akitoka Dodoma bungeni kwenda Dar es Salaam.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza, tunakaa kambini. Redio ilikuwa moja, ya mnyapara, inafunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe akatangaza. Watu wazima walisimama wote pale uwanjani, na kitu ninachokikumbuka ni miguu yao, maana nilikuwa mfupi na nilikuwa naogopa kuangalia nyuso. Miguu iliyojaa makovu ya miiba ya mkonge, imesimama kwenye tope la masika, haisogei. Mguu wa baba yangu niliujua kwa kovu la juu ya kifundo. Ulikuwa unatetemeka.

Vijana mtashangaa kwa nini mkata mkonge amlilie waziri. Mwaka uliotangulia, 1983, Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa haipatikani, sukari haipatikani, na baba aliamini kwamba kuna mtu mmoja serikalini anayejua kwamba mkewe anafua kwa majani ya mpapai. Alikuwa na miaka 45 tu. Baba alirudi nyumbani hakula. Nilimwona tena Mwalimu kwenye televisheni siku ya mazishi Monduli akifuta machozi, na sitasahau.

Fundi Umeme Chumbageni

Mzee wangu, heshima kwako, nimeguswa sana na hiyo miguu. Ila naomba kuuliza kwa adabu. Televisheni mwaka 1984, kambini Muheza? Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990. Zanzibar ndio walikuwa nayo.

Mtoto wa Mkonge

Mwanangu, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Umeniumiza na umenisaidia. Una haki, kambini kwetu hata umeme haukuwapo. Nitakuwa niliona picha zile nikiwa mtu mzima, miaka mingi baadaye, zikarudi nyuma zikaingia utotoni kwangu. Ile miguu lakini niliiona. Kovu la baba niliosha mwenyewe siku tulipomwosha maiti, 2003, lilikuwa pale pale.

Mama Mbaazi

Mimi nina mfupi. Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999, Alhamisi. Nilikuwa darasa la sita, shule ya msingi hapa hapa mjini. Wiki nzima mwalimu wetu alikuwa anatuombesha dua asubuhi kwa ajili yake, tunajua yuko hospitali London. Siku ile Rais Mkapa akatangaza. Mwalimu wetu aliingia darasani akageukia ubao akafuta tarehe, akaiandika upya, akafuta, akaandika upya. Mara tatu. Halafu akaturuhusu kwenda nyumbani. Njiani wauza duka walikuwa wanateremsha milango. Bibi yangu alikuwa ameketi kibarazani, akaniuliza, "Wamekuambia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi njoo ukae."

Bodaboda wa Pongwe

Shikamooni. Sisi wadogo wetu ni 17 Machi 2021. Wiki ile Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alikuwa kwenye ziara mkoani kwetu, sisi wenyewe tulikuwa tunauona msafara. Uvumi ulikuwa mwingi wiki zile, Rais haonekani, kila mtu ana lake. Usiku ule nilikuwa kijiweni namsubiri abiria wa mwisho, saa tano hivi, kwenye simu ya mwenzangu tukamwona Mama Samia kwenye TBC anatangaza kwamba Rais Magufuli amefariki. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyeondoka. Tulikuwa sita, tukazima taa za pikipiki zote, tukakaa gizani. Kuna aliyekuwa anampenda mno Magufuli na kuna aliyekuwa hampendi kabisa, na walikuwa wanagombana kila siku. Usiku ule yule asiyempenda ndiye aliyempeleka mwenzake nyumbani, kwa sababu jamaa alikuwa hawezi kuendesha.

Mvuvi wa Sahare

Mleta uzi, dada yetu, tunakusubiri. Kama ni vigumu usijilazimishe.

Bint wa Barabara ya Kumi

Nimerudi. Nimesoma kila neno. Mwalimu, telegramu yako imenilaza macho. Mzee wa mkonge, ahsante kwa kukubali swali la kijana, umenipa nguvu na mimi kuhusu Ijumaa yangu ya uongo. Ile mvua nadhani nimejua ilikotoka. Mvua ilinyesha siku tuliyomsalia.

Naendelea.

Mume wa dada hakupatikana. Zilitangazwa siku 3 za maombolezo, shemeji yake mmoja akaenda Unguja kwenye viwanja vya Maisara ambako maiti zilikuwa zinatambuliwa, akazunguka pale, akarudi hana jibu. Hakuwamo kwenye waliookoka wala kwenye maiti. Yale magodoro, tulikuja kufikiri baadaye, yatakuwa yalipakiwa chini pamoja na mizigo mingine. Yeye mwenyewe alisema hivyo, dada, wiki ya pili, kwa sauti ya kawaida kabisa akiwa anachambua mchele. "Atakuwa aliyaweka chini. Hapendi kubughudhi watu na mizigo." Kwa hiyo yaliyoelea yalikuwa magodoro ya watu wengine.

Mtaani tunakumbuka siku ya kusikia. Kwake hapakuwa na siku. Kilikuwa kitu kirefu kisicho na mwanzo. Alikuwa hajui aingie eda lini. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, lakini unahesabu tangu siku gani kama hakuna aliyekuonyesha maiti? Mashekhe aliowauliza hawakumjibu sawa. Mmoja alimwambia asubiri kwanza. Mwingine alimwambia mazingira yanatosha. Alikuwa anapika chakula cha mume kila siku, sahani inafunikwa kawa, usiku anawapa watoto wa jirani. Mama yangu ndiye aliyemwambia siku moja, kwa upole, apike kidogo. Hatimaye zikasomwa hitima, ikasaliwa sala ya ghaibu, akaingia eda. Mvua ikanyesha siku hiyo. Alipotoka eda akahamia Wete kwa mama mkwe, na yupo huko mpaka leo na watoto wake, wakubwa sasa, mmoja ameshaoa.

Mpita Njia, swali lako la mwanzo lilinikaa. Umeomba radhi, lakini lilikuwa swali la kweli: wenyewe wanajisikiaje? Nikaona nisiandike habari zake zaidi bila kumwuliza. Jana baada ya Magharibi nikampigia.

Tulisalimiana kirefu, tukaulizana watoto, tukamkumbuka mama. Nikamwambia kuna mahali tunaandika, watu wa Tanga, kila mtu anasema alikuwa wapi siku ile, na nimeandika habari ya vocha bila jina lake. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Na zile vocha nilikulipa?" Nikamwambia zilishasamehewa tangu siku ile ile. Akasema hapana, niambie ni kiasi gani, deni halifi. Nikamwambia elfu tatu. Akasema ataituma kwa simu asubuhi. Imeingia leo saa mbili, elfu tatu kamili. Nimelikata lile deni kwa kalamu, mstari mmoja, kwenye ukurasa ule ule.

Kisha akaniambia niandike haya, na ninayaandika kama alivyoyasema.

Akasema, "Kila mtu huniuliza nilipata habari vipi. Nani alinipigia, nilikuwa nafanya nini. Hilo nalijibu. Wala halinisumbui. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi wakati ule ule inazama. Nilikuwa nimelala, mdogo wangu. Pale pale barabara ya kumi. Ulikuwa unaingia upepo wa bahari dirishani, watoto hawakuamka hata mmoja. Tangu aondoke kwenda Dar nilikuwa silali vizuri, lakini usiku ule nililala. Usingizi mzuri. Mpaka adhana."

Sikuwa na la kumwambia. Na yeye hakuongeza. Nilikuwa namsikia anavyopumua, na nyuma yake kuku wanapanda kulala, na mtoto anaitwa. Tulikaa hivyo hivyo mpaka salio langu likaisha.